Kipimo Kiko Safi, Mbona Hesabu Hazifungi?

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, wakala wa pesa za simu hapa Morogoro. Wiki saba zilizopita nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda, gari dogo likatuparamia ubavuni nikarushwa barabarani. Nakumbuka nilivyopanda pikipiki, kisha nakumbuka niko kitandani hospitali naulizwa jina langu. Hapo katikati hakuna kitu. Nilipigwa CT scan, daktari akasema kichwa kiko safi, damu haijavuja, mfupa haujavunjika. Nikapewa panadol na usiku uleule nikaruhusiwa nyumbani.

Nilipumzika wiki moja nikafungua kibanda. Tangu hapo, Shangazi, sijielewi. Mteja ananitajia namba, nikifika katikati nimeshasahau tarakimu za mwanzo. Nimewahi kumpa laki moja na nusu mtu aliyekuja kutoa elfu hamsini. Wateja wawili wakiongea kwa pamoja sisikii hata mmoja. Jioni nikifunga hesabu, float ya kwenye simu na pesa taslimu havikubaliani. Ikifika saa nane mchana nataka kulala tu, na usiku usingizi hauji. Watoto wakipiga kelele nawafokea, halafu nalia peke yangu.

Mume wangu alinivumilia mwanzoni. Sasa anasema hospitali walishasema ni mzima, nadeka. Wifi yangu amemwambia naficha pesa. Mama mkwe anataka nipelekwe kuombewa, na kuna mtaalamu wa mitishamba naye ametajwa. Jirani ananishauri nijifungie chumbani gizani mwezi mzima ubongo upoe. Kwenye kikao cha familia imesemwa kibanda kiuzwe au akabidhiwe wifi. Je, nirudie kipimo? Au ndiyo nimekuwa mjinga, Shangazi?

Mama wa Kibandani, Morogoro

Mwanangu, pole sana kwa ajali, na pole zaidi kwa haya yaliyofuata.

Mjinga hujawa. Kabla ya kupewa safu hii nilikuwa muuguzi wa chumba cha dharura kwa miaka mingi, na maneno uliyoyaandika niliyasikia kwa fundi cherehani aliyeanza kukata vitambaa vya wateja kwa vipimo visivyo vyao, kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akasahau alikuwa anafundisha nini, kwa konda aliyeshindwa kukumbuka nani amelipa na nani bado. Wote walipimwa, wote waliambiwa kichwa kiko safi, na wote walirudi nyumbani kwa miguu yao. Haya yako yanaelekea sana kuwa matokeo ya mtikisiko wa ubongo. Mimi sijakuona wala kukupima, ndiyo maana nitakuomba urudi hospitali, na nitakueleza cha kusema ukifika huko.

Kwanza kuna mambo ambayo ukiyaona usisubiri kliniki. Damu inaweza kujikusanya taratibu juu ya ubongo kwa wiki kadhaa baada ya pigo, hata kama picha ya siku ya kwanza ilikuwa safi. Huwapata zaidi wazee, wanywaji wa pombe na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, lakini dalili zake kila aliyegonga kichwa azijue. Kichwa kinachouma leo kuliko jana na jana kuliko juzi, kutapika tena na tena, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kuvurugika mdomoni, degedege, au usingizi mzito ambao mtu anaamshwa kwa shida. Ukipata lolote kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na hapo ndipo kipimo kinapostahili kurudiwa. Kama huna hata moja, CT scan ya pili haitakupa jibu unalolitafuta.

Ulipofikishwa pale usiku ule, walichotaka kujua kwanza ni kama maisha yako yako hatarini. Majeruhi wa kichwa hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa mjini Glasgow, Uskoti, mwaka 1974 na madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kinaangalia mambo matatu tu: macho yanafunguka vipi, mtu anajibu vipi, na viungo vinaitikia vipi. Alama za juu ni 15, za chini kabisa ni 3. Anayepata 13 hadi 15, akawa hakuzimia zaidi ya nusu saa na kumbukumbu yake ikarudi ndani ya siku moja, huandikwa kwamba jeraha lake ni dogo. Ni kipimo kizuri, nimekitumia usiku na mchana na nimeona kikituwahisha kwa watu waliokuwa wanazidiwa. Ila tazama maswali yenyewe: unaitwa nani, uko wapi, huu ni mwezi gani. Mtu anaweza kuyajibu yote akapata 15 kamili, halafu ukimwomba aitaje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba akakwama Septemba.

CT scan nayo huona mfupa uliopasuka na damu iliyovuja. Haioni nyuzi za neva zilizovutwa bila kukatika, wala haioni kama seli za ubongo zina nguvu ya kufanya kazi yake. Daktari aliyekwambia kichwa kiko safi alikuwa anajibu kama unahitaji kupasuliwa, na alijibu kweli. Kama utaweza kuhesabu pesa huku watu wamepanga foleni, hilo hakuna aliyeuliza.

Na kuna jambo lilitokea nyuma ya ile picha safi. Kichwa kikigonga na kusimama ghafla, ubongo, ambao ni laini, huendelea kusogea ndani ya fuvu na nyuzi zake huvutika. Potasiamu inavuja kutoka kwenye seli, kalsiamu inaingia mahali isipotakiwa, na seli zinalazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha mambo kama yalivyokuwa, wakati uleule ambapo damu inayoziletea sukari imepungua. Wewe wakala utanielewa: foleni imekuwa ndefu na float imekwisha. Kwa watu wengi upungufu huo hujirekebisha wenyewe ndani ya siku au wiki chache.

Kinachopungua wakati huo ni kasi ya kufikiri, uwezo wa kushika jambo moja kichwani huku unafanya la pili, na uwezo wa kuziacha nje sauti usizozihitaji. Sasa itazame kazi yako ilivyo. Mteja anataja namba, unaishika kichwani, unaibonyeza, unasubiri jina litokee, unamsomea, unaingiza kiasi, unaingiza namba ya siri, unasubiri meseji, unahesabu noti, unaandika daftarini, na wakati wote huo wa pili anauliza kama una chenji na wa tatu anagonga kioo anataka vocha. Mwenye ubongo uliopumzika hata haoni kwamba amefanya mambo kumi. Wewe kwa sasa kila moja linakugharimu. Ndiyo maana unaweza kusonga ugali vizuri, ukasimulia harusi ya miaka mingi iliyopita bila kukosea jina la mtu, halafu ukashindwa na elfu hamsini. Kupika mikono imeshazoea, na kumbukumbu za zamani zimekaa mahali pake. Mume wako akikuona jikoni anajiuliza huyu anaumwa nini, na mimi simlaumu kwa kujiuliza.

Kuna sentensi katika barua yako nimeirudia kuisoma: hapo katikati hakuna kitu. Pengo la namna hiyo halizibiki pale mtu anapofumbua macho. Kwa muda, pengine kwa saa kadhaa, anazungumza, anajibu, hata anatia sahihi kwenye fomu, na ubongo unahifadhi vipande tu. Inawezekana kabisa usiku ule uliambiwa mengi, kwamba upumzike siku mbili, urudi ukiona hili na lile, usiikimbilie biashara. Kama ni hivyo, uliambiwa ukiwa bado ndani ya pengo. Mwulize aliyekuwa nawe alisikia nini. Kama wakati huo alikuwa dirishani analipa, au anahangaikia fomu ya PF3 polisi, basi maelekezo hayo hayakumfikia mtu yeyote.

Hili liliniumiza nilipokuwa kazini na linaniumiza hadi leo. Usiku benchi limejaa, anayetokwa damu anatangulia, na ni haki atangulie. Lakini aliyegonga kichwa asiruhusiwe kwa maneno ya mdomo peke yake. Aandikiwe, na karatasi apewe aliyekuja naye. Mjini Melbourne, Australia, Jennie Ponsford na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wao kuhusu watu wazima wenye majeraha kama lako. Waliopimwa wiki ya kwanza na kupewa kijitabu kinachoeleza dalili zipi zitarajiwe na wafanye nini, miezi mitatu baadaye walikuwa na malalamiko machache kuliko wasiopewa. Gharama yake ni karatasi chache. Wala usidhani upungufu huu ni wa kwetu tu. Mradi mmoja mkubwa wa Marekani, TRACK-TBI, uliwafuatilia wagonjwa wenye majeraha madogo ya kichwa katika hospitali 11 kubwa za majeruhi. Waliosema walipewa maelezo ya kwenda nayo nyumbani walikuwa asilimia 42, na waliomwona daktari au mhudumu mwingine ndani ya miezi mitatu walikuwa asilimia 44. Zaidi ya nusu waliachiwa wajitafutie wenyewe, kama wewe.

Mradi huohuo ulitoa matokeo mengine mwaka 2019. Mwaka mmoja baada ya ajali, asilimia 53 ya wenye majeraha madogo ya kichwa walisema bado kuna shughuli hawazimudu kama zamani. Kwa walioumia mifupa bila kichwa, ilikuwa asilimia 38. Nakupa tarakimu hizi ili nyumbani kwenu wajue kwamba ugonjwa wa namna yako upo na umehesabiwa. Usizichukue kama hukumu yako. Wale walikuwa wameumia kiasi cha kupelekwa hospitali za ngazi ya juu, na katika hesabu hiyo yumo hata aliyerudi kazini ila anachoka mapema. Wagonjwa wengi husogea mbele katika miezi mitatu ya kwanza, nawe bado umo ndani yake.

Kwa nini basi wiki ya saba na bado? Kwa kawaida kufikia sasa ubongo wenyewe umeshajirekebisha kwa sehemu kubwa, lakini ajali huacha mengine. Shingo iliyovutika huleta maumivu yanayopanda kutoka kisogoni. Kizunguzungu kinaweza kuwa kinatoka kwenye sikio la ndani, na hicho kina tiba ya kulazwa chali na kugeuzwa kichwa kwa mpangilio na mtu anayejua. Usingizi umevurugika. Pengine kila honi inakurudisha barabarani. Juu ya yote kuna kesi ya familia kichwani mwako kuanzia asubuhi. Panadol nayo uiangalie: dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi, zenyewe zinaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Hesabu siku unazomeza, umwambie daktari. Na mtu asikwambie kwamba kwa kuwa usingizi na hofu vimo, basi ni mawazo tu. Kukosa usingizi kunamchanganya hata ambaye hajawahi kugonga kichwa, sembuse wewe.

Jirani yako ana nia njema, lakini usijifungie gizani. Huko Milwaukee, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa vijana walioumia hivi katika makundi mawili. Wa kwanza waliambiwa wapumzike ndani siku tano, wa pili wapumzike siku moja au mbili kisha warudie shughuli zao hatua kwa hatua. Waliokaa ndani siku tano ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi. Siku hizi wataalamu wanashauri siku moja hadi mbili za kupunguza mambo, kisha kutembea, kisha kazi nyepesi, na kuongeza kidogokidogo. Wewe siku hizo za mwanzo zimeshapita zamani. Toka asubuhi utembee mpaka ujisikie umechangamka. Dalili zikiongezeka kidogo na kupoa baada ya muda mfupi hakuna ubaya. Zikikulaza siku nzima, ujue umezidisha, na kesho upunguze.

Sasa kibanda. Fungua asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne, ufunge kabla ya ile saa nane inayokuangusha. Jioni na siku za mishahara waachie wengine kwa sasa. Dirishani asimame mteja mmoja, wa pili akae nyuma ya mstari. Bandika tangazo, watu wataelewa. Namba usiishike kichwani hata kidogo: mteja aiandike mwenyewe kwenye karatasi, nawe umsomee jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha. Kiasi kitamke kwa sauti. Noti zihesabu mara mbili juu ya meza, mteja akiona. Jiwekee kikomo cha muamala unachokiona salama, na anayetaka zaidi ya hapo umwelekeze kwa wakala mwingine. Kamisheni utakayoikosa ni ndogo kuliko laki uliyoipoteza. Redio zima. Kila baada ya saa moja funga dirisha kidogo, linganisha float na pesa taslimu, kunywa maji, ukae kimya. Kosa la saa moja unaweza kulifuata ukalipata, la siku nzima limeshaondoka na mwenyewe. Pesa ikienda kusikotakiwa piga huduma kwa wateja papo hapo, kabla aliyepokea hajaitoa. Na namba ya siri usimpe mtu, hata anayekusaidia kuhesabu.

Kuhusu wifi, usigombane naye. Chukua simu ya kazi na daftari, kaa na mume wako jioni moja mkiwa mmetulia, mpitie miamala ya wiki hizi. Kila meseji ina saa yake. Wekeni alama penye kosa. Nadhani mtaona kwamba makosa yanaongezeka kadiri siku inavyosonga, na yanazidi siku ulizoamka bila kulala. Nadhani pia mtaona yanakwenda pande zote: siku nyingine pesa imepungua, siku nyingine imezidi, siku nyingine mteja amerudi kudai kwamba umempunja. Anayeficha pesa hafanyi hivyo, makosa yake huelekea mfukoni kwake. Huyo aliyekuja kutoa elfu hamsini akaondoka na laki na nusu hakuwa ndugu yako wala rafiki yako. Mume wako akiliona hilo kwa macho yake, atamjibu dada yake vizuri kuliko wewe.

Kisha mpe gazeti asome mwenyewe hapa. Baba, mkeo hadeki. Hospitali ilisema hana damu iliyovuja kichwani. Haikusema kwamba kila kitu kimerudi. Akikufokea jioni, ujue nguvu zote ameshazimaliza kufikia saa hiyo. Wachukue watoto nje kwa nusu saa, mama yao apate kimya. Usimtege kwa maswali ya kupima kama anakumbuka ulichosema jana, maana kila akikosa anaogopa zaidi, na akiogopa anasahau zaidi. Mwambie jambo moja kwa wakati, na la muhimu liandikwe mahali mnapoliona wote. Dalili za hatari nilizozitaja juu, zikate uzibandike ukutani. Mabadiliko ya namna ile mara nyingi huonwa na anayelala karibu na mgonjwa kabla ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo hapo tunakutegemea wewe.

Mama mkwe mheshimu. Maombi hayana dhara, nenda naye, ila mwombe kusiwe na mkesha wala mfungo, kwa sababu kulala na kula ni sehemu ya kupona kwako. Huyo mtaalamu wa mitishamba, hapana. Usikubali kuchanjwa kichwani, usivute unga puani, usinywe dawa ambayo hakuna anayeweza kukuambia ina nini ndani, maana nyingine hulewesha na zitaficha dalili ambazo daktari anapaswa kuziona. Mwambie kwa adabu, "Mama, kuombewa nimekubali, nami nakuomba unisindikize hospitali." Mkienda pamoja atasikia kwa masikio yake, na neno la daktari alilolisikia yeye litakuwa na uzito nyumbani kuliko hili la kwangu.

Hospitali pitia kliniki ya wagonjwa wa nje, ubebe karatasi ya kuruhusiwa na nakala ya PF3. Ukisema tu kwamba kichwa kinauma utapewa panadol nyingine. Sema hivi: niligonga kichwa wiki saba zilizopita, kuna muda siukumbuki, na tangu hapo nashindwa kazi ya hesabu niliyokuwa naimudu. Andika nyumbani, usome pale, usitegemee kukumbuka. Omba wakupime presha, wingi wa damu, macho, shingo, namna unavyosimama na kutembea, na kumbukumbu yenyewe: utatajiwa maneno machache uyarudie, uulizwe tena baada ya dakika kadhaa, utaje tarakimu kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Usiyafanyie mazoezi nyumbani ili ufaulu. Wanataka kukuona ulivyo. Shingo na kizunguzungu mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kusaidia, na hofu ya barabara ina msaada wake kwa mwanasaikolojia. Miezi mitatu ikitimia na hakuna kinachosogea, omba rufaa. Kwa ninyi wa Morogoro Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, haiko mbali, na pamoja na mifupa inatibu majeraha ya kichwa.

Kile kilio chako ulichokitaja kwa mstari mmoja, nacho kitaje pale. Huzuni baada ya pigo la kichwa hutokea sana na hutibika. Ikifika mahali ukaona afadhali usingekuwepo, hiyo ni dharura sawasawa na zile nilizoziorodhesha. Mwambie mume wako saa hiyohiyo na mwende.

Pombe, hata ya sherehe, iache kwanza. Bodaboda ikwepe ukiweza, na ukilazimika kupanda vaa kofia ngumu na uifunge kidevuni. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kifo kwa asilimia 42. Sijui kama siku ile ulikuwa nayo na wala sikuulizi ili nikulaumu. Nakuambia kwa sababu pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ndilo ninaloliogopa kwako kuliko yote. PF3 itunze. Kama gari lililowagonga lina bima na mkaamua kudai, kadi za hospitali na lile daftari lenye alama za makosa vitaonyesha hasara uliyoipata.

Kibanda kisiuzwe sasa. Mwombe mume wako uamuzi huo uahirishwe mpaka uwe umeonwa hospitali na miezi mitatu imetimia tangu ajali. Uamuzi wa mali haufai kufanywa na mtu asiyelala, wala kufanywa na wengine juu yake akiwa katika hali hiyo. Kama wifi ana nia ya kusaidia kweli, aje asubuhi akae nawe, yeye aandike daftari na kuhesabu noti, wewe ushike simu, na kamisheni ya saa hizo mgawane. Akikaa siku chache dirishani ataona jasho lako. Nenda kliniki wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, na wakishakuona niandikie walichokuambia.

Shangazi yako